Jogingi ya mtaani, darasa la jimu, timu au kundi la kutembea: lipi litakufaa?

Watu wanaoanza mazoezi Dar es Salaam ni wengi. Toka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, iwe Mbagala, Tandika, Buguruni au Kinondoni, utakutana na misafara ya fulana za rangi moja, kiongozi akianzisha wimbo na wenzake wakiitikia. Jimu nazo zimeingia hadi mitaa ambayo zamani usingezitegemea. Wanaoendelea ndio wachache. Mtu anaanza Januari kwa moyo wote, masika yakifika raba zimesharudi chini ya kitanda.

Nimewasikiliza wengi wa aina hiyo, na ni nadra mmoja wao kusema zoezi lenyewe lilimshinda. Wanasema foleni iliwachelewesha mara nyingi mno. Waliona aibu kuwa wa mwisho. Hela ya mwezi wa tatu haikupatikana. Na ipo sababu inayoniuma kuliko zote: waliacha kwenda, na hakuna aliyewaulizia. Ndiyo maana ulinganisho huu hautasema zoezi gani linaunguza mafuta zaidi. Unakuomba kwanza ukijue kitu kinachokukatisha wewe, kisha utafute kundi lenye dawa yake.

Nimechukua njia nne zinazopatikana mjini bila kusafiri mbali: klabu ya jogingi ya mtaani, madarasa ya jimu kama erobiki na Zumba, timu ya mchezo (netiboli, rede, soka ya maveterani), na kundi dogo la majirani wanaotembea. Zote nimezipitisha kwenye vigezo vilevile vitano.

Vigezo vyenyewe

*Siku ya kwanza.* Mtu mwenye kitambi, au aliyekaa miaka mingi bila kukimbia, anaingiaje bila kujisikia kituko? Wengi hawapiti hapa.

*Kujiamini.* Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa analiweza jambo hutoka kwenye vyanzo vinne: kufanikiwa yeye mwenyewe, kumwona mtu anayefanana naye akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyousoma mwili wake. Cha mwisho kina maana kubwa kwenye mazoezi. Moyo ukidunda kwa kasi, yupo anayedhani anakufa na yupo anayejua kuwa moyo unafanya kazi yake. Ila chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza, kufanikiwa mwenyewe. Kwa hiyo nauliza kila kundi: linakupa kitu gani unachoweza kukimaliza na kukihesabu?

*Mazoea.* Watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuanza kujiendesha yenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakubomoi kazi yote. Tunajifunza mawili: usijihukumu kwa wiki tatu, na kundi linalokutana mara moja kwa wiki lina safari ndefu ya kukujengea mazoea kama hakuna kitu kingine katikati ya wiki.

*Mwili.* Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kupima ukali hakuhitaji saa ya kisasa. Kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, huo ni mwendo wa wastani. Kama unatoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, ni mkali.

*Mfuko na saa.* Sihesabu ada peke yake. Nauli, fulana, michango, na saa ambayo mtu wa nyumbani atalazimika kubaki na watoto, vyote vimo.

Klabu ya jogingi

*Siku ya kwanza.* Mlango uko wazi kuliko unavyodhani. Hakuna fomu ya kukutisha. Unafika mahali wanapokusanyikia kabla jua halijachomoza, unasalimia, unajitambulisha kwa katibu au kocha, unasimama kwenye mstari. Na wimbo unasaidia kuliko watu wanavyotambua. Mchakamchaka tunaujua tangu shuleni na JKT, na utaratibu wake wa mmoja kuanzisha na wengine kuitikia unadhibiti kasi: msafara unaoitikia vizuri hauwezi kuwa unakimbia kupita kiasi, na sauti zikianza kukatika kiongozi anajua amewapeleka mbio. Mgeni naye anapata kitu cha kufanya zaidi ya kuwaza namna anavyoonekana.

Hofu ya kuwa wa mwisho ina ukweli wake. Kabla ya kujiunga, uliza swali moja: nani hukaa nyuma? Klabu iliyokomaa ina mtu wa kufunga msafara ambaye kazi yake ni kutomwacha yeyote. Kama jibu ni kwamba kila mtu hujitahidi mwenyewe, tafuta klabu nyingine; mitaa mingi ina zaidi ya moja.

*Kujiamini.* Hapa jogingi ina faida ya pekee, kwa sababu umbali hauna ubishi. Wiki hii uliishia sokoni, mwezi ujao ukafika daraja la pili, na mtaa mzima unaijua njia hiyo. Baadaye kuna malengo makubwa zaidi. Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003, ina mbio za kilomita 42 na 21, na ina kilomita 5 ambazo mtu aliyezoea msafara wa Jumapili anazimaliza bila shida. Kuvaa namba kifuani mara ya kwanza kunambadilisha mtu anavyojielezea. Anaacha kusema "najaribu jaribu mazoezi", anasema "mimi ni mkimbiaji".

Kuna pia nguvu ya kuwa karibu na aliyekuzidi kidogo. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa klabu moja ya Berlin, akaona kuwa aliye dhaifu hujikaza zaidi anapofanya kazi pamoja na mwenzake kuliko anapokuwa peke yake, mradi tofauti yao isiwe kubwa mno. Kwenye msafara wa watu arobaini, huyo mwenzako wa kukuzidi kidogo hakosi. Mara nyingi ni mama wa mtaa wa pili ambaye una umri sawa na wake, na ukimwona anamaliza, chanzo cha pili cha Bandura kimeshafanya kazi.

*Mazoea.* Nguvu kubwa ya klabu hizi iko nje ya barabara. Mwanachama akifiwa, wenzake wanafika na mchango. Akioa au kuolewa, wanashona sare. Klabu nyingi hufanya usafi wa mtaa, huchangia damu, huwa na mfuko wa kukopeshana. Ukikosa Jumapili mbili, simu inaita. Kwa mtu aliyehamia mjini bila ndugu, hilo peke yake linatosha kumrudisha barabarani.

Nyingi, hata hivyo, hukutana mwisho wa wiki tu. Jumapili moja ya dakika 60 haifiki hata nusu ya dakika 150. Tafuta klabu yenye siku ya katikati ya wiki, au wanachama wawili wa mtaa wako mkubaliane Jumanne na Alhamisi. Na kuna suala la baada ya mbio. Bonanza nyingi huishia kwenye supu, nyama choma na bia hadi mchana. Supu baada ya kilomita saba haina ubaya. Lakini kama umeingia kwenye mazoezi kwa sababu ya presha au unataka kupunguza pombe, chagua klabu ambayo baada ya kujinyoosha watu hurudi nyumbani, kwa sababu mazoea ya mezani nayo hujengwa na kundi.

*Mwili.* Moyo na mapafu vinanufaika sana. Mikono, mgongo na tumbo havipati sehemu yao, isipokuwa klabu iwe na nusu saa ya viungo uwanjani. Lami ngumu na raba zilizoisha soli huleta maumivu ya ugoko na magoti. Giza la alfajiri kwenye barabara kubwa ni hatari ya kweli: msafara unatakiwa uwe na watu wenye vizibao vinavyong'aa mbele na nyuma, na usichukue njia nzima.

*Mfuko na saa.* Kiingilio na mchango wa wiki au mwezi huwa vidogo. Gharama inayosahaulika ni fulana za sare zinazobadilika, na mialiko: klabu hualikana, na kwenda kwenye bonanza la wenzenu wilaya nyingine ni nauli, chakula na siku nzima. Uliza mapema mialiko ni mingapi kwa mwaka.

*Anayefaa.* Anayehitaji watu kuliko anavyohitaji vifaa. Anayeamka mapema. Asiyekuwa na hela ya kulipa kila mwezi.

Darasa la jimu: erobiki na Zumba

*Siku ya kwanza.* Wengi huanzia hapa kwa sababu kuna kuta. Hakuna bodaboda wa kukupigia kelele, na mwanamke anayevaa hijabu anaweza kupata kipindi cha wanawake watupu chenye mwalimu mwanamke. Jimu kadhaa zina vipindi hivyo. Uliza kama wanaume hupita kwenye ukumbi huo kwenda chumba cha vyuma, maana hapo ndipo ahadi huvunjika.

Lakini ukumbi una vioo. Mwaka 2003 Kathleen Martin Ginis na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti juu ya wanawake wasiozoea mazoezi, walioendesha baiskeli ya mazoezi isiyosogea kwa dakika 20. Waliofanya mbele ya kioo walitoka bila utulivu wala uchangamfu kama wa waliofanya bila kioo. Kwa hiyo ukitoka darasa la kwanza ukiwa mnyonge, usidhani umeshindwa. Huenda ni kioo. Simama mstari wa katikati. Mstari wa nyuma unaonekana salama, ila mwalimu akiligeuza darasa unajikuta mbele, huna wa kumwangalia.

*Kujiamini.* Inakuja polepole mwanzoni, halafu kwa ghafla. Hatua za Zumba, iliyoanzishwa na Alberto "Beto" Pérez huko Cali, Kolombia, miaka ya 1990, hurudiwa kila kibwagizo kinaporudi, kwa hiyo akili hukariri bila kulazimishwa. Darasa la kwanza ni mchanganyiko mtupu. Darasa la nne au la tano miguu inaanza kwenda kabla ya kufikiri, na furaha ya hapo sijui zoezi jingine linaloitoa kwa wepesi huo. Kwa mtu aliyeambiwa tangu utotoni kuwa hajui kucheza, ni ushindi mkubwa.

Udhaifu wake ni kipimo. Hakuna kilomita, na mtu asipojiwekea alama yake (nimemaliza kipindi bila kukaa, nimeacha kushika ukuta) atajipima kwa mwili wa mwalimu, ambaye kazi yake ndiyo hiyo kila siku.

*Mazoea.* Ratiba ipo mara nyingi kwa wiki, na mvua haiigusi. Uhusiano ndio mwembamba. Watu huingia, hutoka, hufunga mlango wa gari. Ada ikiisha, mara nyingi hakuna anayepiga simu zaidi ya ujumbe wa matangazo. Dawa ni kwenda na mtu mmoja mnayejuana, au kumzoea mwalimu mmoja na kumfuata kwenye vipindi vyake, ajue jina lako.

*Mwili.* Ndiyo njia pekee kati ya nne ambapo misuli na moyo vinaweza kushughulikiwa chini ya paa moja, kama darasa lina vyuma vyepesi au mazoezi ya sakafuni. Neno erobiki lilienezwa mwaka 1968 na Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, aliyekuwa akihimiza mazoezi ya kuongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Madarasa mengi bado hukazia upande huo tu. Uliza siku ipi ni ya nguvu. Mwalimu mzuri huonyesha namna rahisi ya kila hatua kwa wageni, bila kuruka. Asipoonyesha, fanya mwenyewe: palipo na kuruka, nyanyua goti.

*Mfuko na saa.* Hii ndiyo ghali zaidi ya zote. Jimu nyingi hukubali malipo ya siku, na kwa mwezi wa kwanza hilo ni bora kuliko kulipia miezi mitatu kwa sababu ya punguzo. Halafu ifikirie foleni. Jimu nzuri iliyo upande wa pili wa mji haikusaidii kitu saa kumi na mbili jioni. Iliyo karibu na ofisi, ukiingia moja kwa moja kutoka kazini na kuiacha foleni ipungue, ina nafasi kubwa ya kudumu. Iliyo karibu na nyumbani inafaa kwa anayekwenda alfajiri. Jimu ya katikati ya safari, inayokutaka ushuke daladala na kupanda nyingine, humshinda karibu kila mtu.

*Anayefaa.* Anayetaka faragha na usalama, anayependa muziki, anayechoshwa na njia ileile, na mwenye uwezo wa kulipa bila kuigusa hela ya ada ya shule.

Timu: netiboli, rede, soka ya maveterani

*Siku ya kwanza.* Ngumu kwa asiyewahi kucheza, nyepesi mno kwa aliyecheza shule. Mwanamke wa miaka arobaini aliyeacha netiboli kidato cha nne atashangaa mikono inavyokumbuka. Na kwa asiyejua netiboli kabisa, kuna rede. Karibu kila mwanamke aliyekulia mitaa ya Dar es Salaam alishaukwepa ule mpira utotoni, wawili wakirusha kutoka pande mbili na mmoja katikati akipinda kama samaki. Leo kina mama wanaunda timu za rede na kushindana mtaa kwa mtaa. Sijaona mlango wa mazoezi ulio mwepesi kuliko mchezo unaoujua tayari, na ningependa kuona halmashauri zikiupa viwanja.

*Kujiamini.* Timu hukupa kazi yenye jina. Netiboli ina wachezaji saba, kila mmoja na eneo lake. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS (mfungaji) na GA (mshambuliaji). Mrefu asiye na mbio ana nafasi kwa GK, mlinzi wa goli. Mwenye mbio asiye na shabaha ana nafasi katikati. Mtu anayejiona hafai kwenye riadha anagundua kuwa mwili wake ulikuwa na kazi yake muda wote. Kupokea pasi kunakuambia wenzako wanakutegemea, na hakuna maneno ya kutia moyo yanayofikia hapo.

Upande wa pili, makosa yanaonekana na watu wote. Kocha anayetukana au wenzako wanaozomea wanaweza kubomoa ndani ya mechi moja kilichojengwa kwa miezi. Nenda kwanza ukatazame mazoezi, na usikilize kinachosemwa pale mtu anapodondosha mpira.

*Mazoea.* Kwa wajibu, timu inashinda zote: saba wakiwa sita, pengo linaonekana. Lakini wajibu huo una msimu. Ligi au bonanza likiisha watu hutawanyika, na wengi huongezeka uzito kabla ya msimu mwingine. Soka ya maveterani ina tatizo jingine, kwamba wengi hucheza mechi bila kufanya mazoezi ya wiki, wakidhani mechi ndiyo mazoezi.

*Mwili.* Kasi, kusimama, kuruka, kugeuka: mwili unapata mengi kwa muda mfupi. Majeraha nayo ni mengi kuliko kwenye njia nyingine tatu. Sheria ya netiboli hairuhusu kukimbia na mpira, kwa hiyo mchezaji hudaka akiwa kwenye mwendo na kulazimika kusimama papo hapo, na hapo ndipo goti na kifundo cha mguu huumia. Kutua kwa miguu yote miwili na magoti yaliyopinda ni jambo la kufundishwa kabla ya kitu kingine chochote. Kwa wanaume waliokaa ofisini wiki nzima kisha wakakimbilia mpira Jumamosi, nyama za nyuma ya paja ndizo hulalamika kwanza. Dakika kumi za kupasha misuli usiziache.

*Mfuko na saa.* Jezi, mpira, kukodi uwanja, refa. Vikigawanywa ni hela ndogo. Viwanja ndivyo adimu.

*Anayefaa.* Anayechoka kufanya mazoezi kwa ajili ya mazoezi, anayependa kushindana, na ambaye hukatishwa na kukosa sababu ya kwenda.

Kundi dogo la kutembea

*Siku ya kwanza.* Hakuna cha kuogopa. Watu wawili hadi sita, mavazi ya kawaida, raba au hata viatu vya chini vilivyokaa vizuri.

*Kujiamini.* Watu huidharau njia hii. Kwa mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, mzee aliyetoka kuugua, au mtu aliyeambiwa ana kisukari na amejaa hofu, kumaliza dakika ishirini bila kizunguzungu ndiyo ushahidi anaouhitaji. Anajifunza kuusoma mwili wake upya, na hilo jimu yenye kelele haiwezi kumfundisha.

*Mazoea.* Inaweza kuwa ya kila siku, na kwa kigezo cha Lally hiyo ndiyo faida yake kubwa. Ila kundi la watatu hufa mmoja akisafiri. Wekeni siku, saa na mahali visivyojadiliwa kila jioni kwenye WhatsApp. Anayekuja anakuja, anayekosa anaulizwa siku hiyohiyo.

*Mwili.* Mwendo wa haraka unatosha kuzifikisha dakika 150, mradi uwe wa haraka kweli. Ufukwe wa Coco maji yakiwa yamekupwa una mchanga uliokazana, mzuri kwa magoti. Yakijaa unabaki mchanga laini unaopindisha vifundo. Daraja la Tanzanite lina upepo na watembeaji wengi. Vilima vya Chuo Kikuu Mlimani vitakuongezea ukali bila kukimbia. Misuli itahitaji siku mbili za kuchuchumaa na kusukuma ukuta nyumbani.

*Mfuko na saa.* Karibu bure.

*Anayefaa.* Anayeanza kutoka chini kabisa, mwenye ugonjwa unaohitaji uangalifu, na mwenye watoto wadogo na dakika arobaini tu za kujipa.

Ukiwa kwenye hali hii, anzia hapa

Una presha, kisukari, au uliwahi kubanwa kifua ukipanda ngazi: daktari kwanza, kisha kundi la kutembea kwa wiki nane hivi, kisha ndipo ufikirie jogingi. Wakati wowote ukihisi kifua kubana au kizunguzungu, simama na useme. Kundi linalomcheka anayesimama si la kukaa nalo.

Kinachokukatisha ni upweke, au umehamia mjini karibuni: klabu ya jogingi. Timu ni ya pili, kama umewahi kucheza.

Kinachokukatisha ni aibu ya mwili: inategemea aibu yenyewe. Kama unaogopa macho ya barabarani, kipindi cha wanawake watupu au jimu ndogo ya mtaani itakufaa. Kama unaogopa kioo na kulinganishwa, alfajiri yenye giza ndani ya msafara wa fulana zinazofanana inaficha kuliko ukumbi wowote.

Kinachokukatisha ni kuchoshwa: timu, au Zumba. Usijilazimishe jogingi kwa sababu jirani yako ameipenda.

Kinachokukatisha ni hela: jogingi au kutembea, na usikubali fulana ya tatu kabla hujamaliza miezi mitatu.

Kinachokukatisha ni zamu za kazi, kama wauguzi, walinzi na madereva: klabu na timu zenye siku maalumu zitakuumiza moyo. Jimu yenye vipindi vingi inakufaa, au mwenzako mmoja wa zamu ileile mtembee naye mkitoka kazini.

Una muda na afya, unataka mwili kamili: changanya. Jogingi Jumapili na darasa moja lenye vyuma katikati ya wiki, ukiongeza siku moja ya viungo nyumbani, hufunika karibu mwongozo wote wa dunia bila kuvunja mfuko.

Kama hujui pa kuanzia kutafuta, zitumie siku ambazo vikundi hukusanyika. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Zanzibar hukusanya vikundi vya mazoezi kila tarehe 1 Januari. Siku moja haikujengei mazoea, lakini asubuhi hiyo unaweza kuviona vikundi vingi mahali pamoja, ukaongea na makatibu wao, ukaona wenye umri na mwili kama wako wako wapi.

Ukishachagua, lipe kundi wiki nne kabla ya kuamua. Wiki ya nne jiulize matatu: kuna kitu ninachokiweza leo ambacho siku ya kwanza sikukiweza? Kuna mtu humu anayejua jina langu? Nikikosa kesho, nani ataniuliza? Majibu mawili kati ya matatu yakiwa mazuri, kaa. Yakiwa mabaya, hamia kundi jingine wiki hiyohiyo, kabla mwili haujapoa.